Posa ya Mikokoni

"Mimi kwenye kidude hicho sipandi," alisema Beeyumma, akaukita mwavuli wake kwenye udongo wa gati. "Nimekuja kumwona mtu. Sikuja kuogeshwa."

Kidude chenyewe kilikuwa mtumbwi mpana uliopakwa lami, umefungwa kwenye nguzo ya kijigati cha Kandalkadavu, pwani ya India, pale mto unapoingia baharini chini ya daraja la reli. Ndani yake alisimama Ashkar na upondo wake. Alikuwa amevaa shuka nyeupe iliyokunjwa hadi magotini na shati la kijani la walinzi wa hifadhi, limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyanya. Shamla, binti yake Beeyumma, alipoliona shati lile alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Kule kibandani anakolala Ashkar hakuna umeme. Pasi ameiazima wapi?

"Hauzami, Umma," alisema Ashkar, akimwita mama kwa adabu ya kwao. "Umebeba walimu, umebeba ng'ombe wa mzee Chathu wakati wa mafuriko, na ng'ombe yule alikuwa mkaidi kweli."

"Unanifananisha na ng'ombe?"

"Hapana, Umma! Mimi nilitaka tu kusema..."

"Ng'ombe alifika salama?"

"Alifika."

Beeyumma akautazama mtumbwi upya. Shamla akauma ncha ya mtandio wake asicheke.

Baba yake Shamla, Alavi, alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia mtumbwini na kuketi katikati, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, kama abiria aliyezoea kungoja kuitwa jina. Beeyumma akamtazama mumewe, akamtazama dereva wa bajaji iliyowaleta, ambaye alikuwa amezima injini ili asikie vizuri, akaona bora maji.

"Haya," alisema, akinyanyua pindo la gauni lake. "Nikifa, la kumwambia Mungu mtalijua wenyewe."

Nyumba yao ilikuwa haijapata utulivu tangu mjomba wake Ashkar alipokuja kuleta posa. Shamla alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Mwaka uliopita, msimu wa ndege ulipoanza, aliwaleta wanafunzi wake hapa, na mlinzi wa hifadhi akawaonyesha watoto jinsi ya kutembea topeni bila kuwashtua ndege. Siku ile Shamla alirudi nyumbani na matope kwenye nyusi na kitu kipya moyoni. Mara ya pili alikuja kuulizia safari ya wanafunzi ya mwaka ujao. Mara ya tatu hakuwa na kisingizio, wala Ashkar hakumwuliza. Hawakuwahi kushikana mikono. Walikuwa wakiongea, basi, na akirudi nyumbani kila neno alilikumbuka pamoja na jinsi lilivyosemwa.

Posa ilipofika, Beeyumma alimsikiliza mjomba mtu hadi mwisho, akampa chai, akamsindikiza. Mlango ulipofungwa, ndipo aliposema.

"Mlinzi wa ndege! Ndege wanaibwa? Wenzake wote wamepanda ndege kwenda Ghuba, yeye kabaki anachunga ndege!"

Tena kulikuwa na yule wa Sharjah, mwenye duka kubwa la vyakula, ambaye mama yake alikuwa ameshakuja kunywa chai na kupima mapazia kwa macho. Shamla alilia, akasusa chakula, akagoma kuongea. Mama yake akagoma zaidi yake. Siku moja wakiwa mezani, Alavi akatua tonge sahanini.

"Tukaone kwanza," alisema.

Mama na binti walimgeukia kama vile kabati limesema. Alavi alikuwa amerudi kutoka Abu Dhabi wakati wa kuanza kwa mvua, baada ya kuishi huko nusu ya umri wake, akija nyumbani kwa likizo tu. Katika nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake mwenyewe aliishi kama mgeni mwenye haya. Alikunja shuka zake mwenyewe asubuhi. Aliomba ruhusa kabla ya kufungua friji. Hilo lilikuwa wazo lake la kwanza tangu arudi, na Beeyumma alishangaa mno hata akasahau kulikataa.

Ndiyo maana sasa walikuwa majini.

Maji yalikuwa yameshaanza kupwa polepole, na Ashkar aliuingiza mtumbwi mikokoni bila hata upondo kutoa sauti. Mikoko ilikutana juu ya vichwa vyao. Mizizi yake ilisimama kwenye maji kwa maelfu, na jua lililopenya lilicheza juu yake kama sarafu zinazomwagika. Mdiria wa rangi ya buluu alipita mbele yao kwa kasi ya mshale. Hewa ilinuka chumvi, majani mabichi na tope, na Shamla aliivuta hadi mwisho wa mapafu.

Aliketi mbele, uso kwa Ashkar, wazazi wake wakiwa kati yao. Kwa hiyo walizungumza kwa macho. Yake yaliuliza: umelala? Ya Ashkar yakajibu: hapana. Yake yakauliza: unaogopa? Ashkar akamtupia jicho Beeyumma chini ya mwavuli, akameza mate, akaukita upondo.

"Nani huyo anayenichungulia?" Beeyumma akashtuka. Vichwa viwili vyenye masharubu vilikuwa vimeibuka ubavuni mwa mtumbwi.

"Fisi-maji, Umma. Mume na mke. Hawa ukimwona mmoja, mwenzake yuko karibu."

"Wana bahati," alisema Beeyumma, kwa sauti ya chini kabisa, akageuza uso.

Alavi alinyoosha mkono akagusa jani. "Zamani hapa hapakuwa hivi," alisema. "Nakumbuka palikuwa wazi. Tope tupu."

"Kweli, Alavikka," alisema Ashkar, akimwita kaka kwa heshima. "Miti ilikatwa yote kwa kuni. Hii tumeipanda. Mimi nilianza nikiwa shuleni, na akina mama wanaookota kome wakanisaidia. Mwanzo tulipanda, mawimbi yakang'oa. Tukapanda tena, mbuzi wakala. Tukapanda tena."

"Halafu?"

"Halafu ikachoka kufa, ikaota."

Alavi akatabasamu. Shamla akaliona tabasamu lile, akamtazama Ashkar kwa fahari ambayo hakuweza kuificha, na mama yake akamwona akitazama.

Walipotoka upande wa pili wa mikoko, wanawake kadhaa walikuwa kwenye maji ya kiunoni, vikapu vikielea kando yao. Wa mbele, mwanamke mweusi mwenye mabega mapana aitwaye Kalyani, akanyoosha mgongo.

"Ashkar! Ndiye huyo?"

"Kalyani-chechi, dada yangu, tafadhali," alisema Ashkar, masikio yakimwiva.

"Tafadhali nini? Mzuri! Mwanangu, ameshakuambia utakula kome asubuhi, mchana na jioni?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kalyani akamgeukia Beeyumma, akashika ukingo wa mtumbwi.

"Na wewe ndiye mama. Sikiliza, dada. Mwaka wa yale mafuriko, watu walipokimbilia kwenye mapaa, huyu alikuja na mtumbwi huu huu kutafuta watu nyumba hadi nyumba. Mimi nilikuwa juu ya paa na mjukuu wangu. Ukimkataa, sisi huku tutamgombania, na mimi nina binti wawili."

"Sijamkataa," alisema Beeyumma, akajishangaa mwenyewe. "Sijasema chochote."

"Basi usiseme," akacheka Kalyani, akausukuma mtumbwi wao uende zake.

Fungu la mchanga lilikuwa limeibuka pale mto ulipokutana na bahari. Kushuka, Beeyumma alikanyaga mahali pasipofaa. Mguu ulizama, ukatoka, kiatu kikabaki. Kabla hajamaliza kupiga yowe, Ashkar alikuwa amelala kifudifudi, mkono mzima ndani ya tope hadi begani, akipapasa. Alikitoa, akakiosha baharini, akapiga goti na kukiweka mbele ya mguu wake. Shati lile lililopigwa pasi ya kuazima lilikuwa limekwisha habari yake.

"Ahsante," alisema Beeyumma kwa shingo upande.

Halafu akainua macho.

Ndege walikuwa wamejaa hadi mchanga hauonekani. Kulikuwa na membe weupe, shakwe, vitwitwi wadogo wakikimbia na povu la wimbi, na sululu wenye midomo iliyopinda kama sindano za kushonea magunia. Wote walikuwa wameelekea upande mmoja, upepo ukiwapuliza vifua. Beeyumma alikuwa amezaliwa vijiji viwili kutoka hapo. Mwavuli ulimlegea mkononi.

"Ya Rabbi," alinong'ona. "Hawa wanakaa hapa siku zote?"

"Wanakuja na baridi, Umma, kutoka mbali sana kaskazini. Wanakula, wananenepa, wanaondoka. Mwaka unaofuata wanarudi hapa hapa. Tafadhali tusisogee zaidi, wamechoka."

Garimoshi likaingia darajani likinguruma. Ndege wote wakaruka kwa mara moja. Mchanga uliinuka ukawa mbingu. Jua likazimika na kuwaka, likazimika tena, na mlio wa mbawa zile ukawafikia kifuani kabla ya kuwafika masikioni. Wakazunguka juu ya maji kama shuka moja nyeupe inayokung'utwa, wakarudi, wakatua. Shamla alikuwa ameliona jambo hilo mara kadhaa, na kila mara machozi yalimlenga. Alipogeuka, Ashkar hakuwa akitazama ndege. Alikuwa akimtazama yeye, na usoni mwake kulikuwa na huzuni asiyoielewa.

Walitandika mkeka. Beeyumma alifungua mikate yake myembamba ya mchele, kuku wa nazi, na chupa ya chai isiyo na maziwa yenye ndimu. Wazazi walipoanza kula, Ashkar aliomba ruhusa ya kumwonyesha Shamla miche mipya pale karibu.

"Mnaonekana kutoka hapa?" aliuliza Beeyumma.

"Tunaonekana, Umma."

"Basi muonekane."

Miche ilikuwa ya urefu wa goti, imepangwa kwa mistari kwenye tope. Ashkar aliuchuchumalia mmoja akaunyoosha, ingawa ulikuwa umenyooka.

"Una nini?" Shamla akauliza. "Tangu asubuhi una kitu."

"Binamu yangu wa Doha amenipatia kazi. Kwenye ghala. Viza imetoka."

Shamla alidhani hakusikia. "Kazi gani? Wewe una kazi."

"Kazi ambayo mama yako anaweza kuitaja mbele ya watu."

"Na umekubali?"

"Nimekubali. Tunaoana kwanza, naondoka, narudi baada ya miaka miwili kwa likizo. Leo namwambia mama yako. Hatakuwa tena na la kusema."

"Na mimi?" Sauti ilimpanda Shamla, akaishusha kwa sababu ya waliokuwa mkekani. "Mimi sina la kusema? Umekwenda, umeomba, umejibiwa, na mimi naletewa matokeo?"

"Nilitaka nikuletee jambo lililokwisha. Usihangaike tena, usilie tena."

"Basi umefanikiwa. Tazama, nacheka."

"Shamla..."

"Unajua nikiwa mdogo nilikuwa namwita baba yangu nani? Uppa wa Simu. Mara ya kwanza nilipomwona kwa akili zangu nilijificha chini ya kitanda. Nikamwuliza mama, huyu mtu analala kwetu mpaka lini? Na yeye alinisikia, Ikka. Alikuwa amesimama mlangoni na mwanasesere mkononi, alinisikia." Alifuta shavu kwa hasira. "Kama ni mume wa simu, yule wa Sharjah ana simu nzuri zaidi. Nitaolewa na yeye, tukose taabu."

Ashkar alisimama. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Unadhani ninapenda? Jana nimepita kwenye mikoko hii nikiuaga mti mmoja mmoja kama mwendawazimu. Kalyani-chechi aliniuliza kama nina homa. Lakini nikibaki hapa nitakukosa. Ninakupenda kuliko mahali hapa, unanielewa?"

"Na mimi nakupenda wewe ukiwa mahali hapa! Ukiondoka hapa, mimi nitakuwa nimeolewa na nani?"

Walisimama hivyo, hatua moja kati yao ambayo hakuna aliyeweza kuivuka mbele ya mkeka ule, na macho ya kila mmoja yakimsihi mwenzake aseme neno ambalo hakuna aliyekuwa nalo.

"Nyie!" Beeyumma akaita. "Mnazungumza au mnagombana?"

"Tunazungumza," alisema Shamla.

"Sauti hizo nazijua mimi. Njooni."

Ashkar alitangulia. Alisimama mbele ya mkeka, matope yamemkauka begani, mikono ameifumbata.

"Umma, Alavikka. Ninalo la kuwaambia." Akasema. Doha, ghala, viza, miaka miwili. Alisema yote kwa sauti iliyonyooka, akiwa anatazama mchanga.

Shamla alimtazama mama yake akingoja furaha ya ushindi. Beeyumma alifungua kinywa, akasema "Alhamdulillahi," lakini neno lilitoka likiwa jepesi kama ganda tupu. Akaanza kupanga vikombe visivyohitaji kupangwa.

"Usiende," alisema Alavi.

Wote wakageuka.

"Umesema nini, baba Shamla?"

"Nimemwambia asiende." Alavi aliweka kikombe chake chini taratibu. Alikuwa akiwatazama shakwe. "Wale pale, wenye doa jeusi nyuma ya jicho. Mimi nawajua."

"Unawajulia wapi?" aliuliza Ashkar.

"Kwenye kituo changu cha pampu kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta bahari ya maji mafupi. Saa ya chakula wenzangu walilala kivulini. Mimi nilikuwa napita kwenye tundu la ukuta naenda kukaa pale. Baridi ikikaribia walikuwa wanafika kwa makundi, wanapumzika, wanaondoka. Mzee mmoja wa Peshawar akaniambia, hawa wanakwenda kwenu. Pwani za India." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Basi kila mwaka nikawa nawapa salamu. Mtu mzima naongea na ndege. Nawaambia, mkifika, tafuteni nyumba yenye mlango wa kijani, ina mnazi uliopinda."

Beeyumma alikuwa ameacha vikombe.

"Ule mlango niliupaka rangi ya kahawia," alisema. "Mwaka aliozaliwa Shamla."

"Niliuona nilipokuja likizo. Lakini nikirudi kule, ukinijia akilini unakuwa wa kijani. Wa siku ile niliyoondoka, wewe umesimama mbele yake." Akawatazama tena shakwe. "Kwa hiyo niliendelea kuwapa anwani ya mlango wa kijani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nini?"

"Hayo! Hayo ya ndege!" Beeyumma alikuwa amepiga magoti mkekani, mtandio umemporomoka nyuma. "Miaka yote ile simu ikilia ni yale yale. Pesa zimefika? Mvua imenyesha? Mtoto anasoma? Mimi nakaa siku nzima nangoja hiyo simu, halafu naulizwa habari za mvua!"

"Kulikuwa na foleni nyuma yangu, Beeyu." Jina hilo Shamla hakuwahi kumsikia akilitamka. "Wanaume ishirini wanangoja simu hiyo hiyo. Nikuambie habari za ndege mbele yao?"

"Ungeniambia! Mimi nilikuwa na nini cha kusikiliza? Nilikuwa nasikiliza friji likinguruma!"

Sauti ilimkatika. Alavi alisogea, akasita, mkono ukabaki hewani.

"Nilijifunza kuishi bila wewe," alisema Beeyumma, sasa taratibu. "Nilijifunza vizuri mno. Kuezeka paa, kumpeleka mtoto hospitali, kugombana na fundi wa bomba. Sasa umerudi, unakunja shuka zako asubuhi kama mtu wa hoteli, na mimi nakuangalia sijui nikufanyeje. Nakuona haya. Mume wangu, nakuona haya."

"Na mimi naogopa hata kufungua friji," alisema Alavi. "Nikidhani labda kuna kitu chako humo nitakitoa mahali pake."

Beeyumma akatoa sauti ambayo ilianza kama kilio, ikaishia mahali pengine. Shamla na Ashkar walikuwa wamegeuza nyuso zao baharini kwa heshima. Miaka yote Shamla aliamini mama yake anataka mkwe wa Ghuba kwa ajili ya fahari. Kumbe ni maisha pekee ya mke aliyoyajua, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mengine.

Mkono wa Alavi ulitua begani mwa mkewe. Haukutolewa.

"Wewe," Beeyumma akasema baada ya kufuta uso. "Mwenye matope. Njoo."

Ashkar akasogea, akachuchumaa mbele yake.

"Kazi yako hii inakwisha saa ngapi?"

"Jua likianza kuinama, Umma. Nikishawaona akina mama wote wametoka majini."

"Halafu?"

"Halafu naenda nyumbani."

"Kila siku?"

"Kila siku, Umma."

Beeyumma alimkazia macho. "Sema tena."

"Kila siku nitarudi nyumbani."

Aliyatafuna maneno yale kimyakimya kama mtu anayeonja mchuzi asiouzoea, kisha akakung'uta makombo kwenye gauni. "Mpigie huyo binamu yako. Mwambie ghala lake alichunge mwenyewe."

"Umma..." alisema Ashkar.

"Na hicho kibanda chako, mwanangu hatalala humo. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na vyumba vyangu vya juu havijawahi kulalwa na mtu tangu vijengwe. Utavua hayo matope kisimani kwanza. Mama wa yule wa Sharjah nitaongea naye mimi. Chai yangu ameinywa vya kutosha."

Alavi alikuwa anatabasamu waziwazi. Ashkar alifunika uso kwa viganja vyake viwili. Ilionekana mambo yamekwisha.

"Mimi sijaulizwa," alisema Shamla.

Ashkar akaondoa viganja usoni.

"Wewe tena?" Beeyumma akashangaa. "Siyo wewe uliyenisusia chakula?"

"Nilikususia, Umma, na nitaomba radhi. Lakini leo huyu amekwenda kunitafutia maisha bila kuniambia. Umma ameyafuta bila kuniambia. Nyumba nimepangiwa, na wa Sharjah ameshaachwa. Nani ameniuliza?"

Beeyumma alimgeukia mumewe kutafuta msaada. Alavi akatikisa kichwa kuelekea kwa Ashkar. "Muulize, kijana. Mimi sikumwuliza mtu nilipoondoka. Muulize."

Ashkar alisimama. Upepo ulikuwa ukimpuliza nywele machoni, naye hakuziondoa.

"Shamla," alisema. "Nimekosa. Niliogopa, nikaamua peke yangu. Nitaogopa tena siku nyingine, lakini nitakuja kuogopa mbele yako. Unanitaka? Na kama hunitaki sema tu, nitawarudisha gatini salama vilevile."

Msichana wa kule kwao anapoulizwa hivyo mbele ya wazazi huinamisha macho, na kimya chake kikahesabiwa kuwa jibu. Shamla alijua hivyo. Alilelewa hivyo. Alimtazama yule kijana aliyepanda msitu mara tatu mpaka ukakubali kuota, aliyelala kifudifudi topeni kwa ajili ya kiatu cha mwanamke asiyempenda, na hakuinamisha macho.

"Nakutaka," alisema, kwa sauti kamili ya mwalimu wa darasa la nne. Vitwitwi wa karibu wakaruka.

"Mtoto hana haya huyu," alisema Beeyumma.

"Amechukua kwa nani?" Alavi akauliza, naye akacheka, kicheko kikubwa cha kifuani, na Beeyumma akabaki anamtazama mdomo wazi.

"Ndivyo unavyocheka?"

"Sijui," alisema Alavi, akifuta macho. "Ni muda."

Maji yalikuwa yanakimbia kutoka mtoni, na mtumbwi ulikuwa umeshakaa mchangani nusu. Wazee wakaingia, safari hii wakaketi pamoja chini ya mwavuli mmoja, wakibishana kwa sauti ya chini kama mlango upakwe tena rangi, na rangi gani. Ashkar akaegemea ubavu wa mtumbwi akausukuma. Haukwenda.

"Panda, nitauweza," alimwambia Shamla.

"Huuwezi."

Alinyanyua pindo la gauni, akaingia majini hadi magotini, akasimama kando yake na kuweka viganja kwenye mbao iliyopashwa na jua. Kidole chake cha mwisho kiliugusa mkono wa Ashkar. Ilikuwa mara ya kwanza. Joto lilimpanda mpaka shingoni, akaona Ashkar naye pumzi imemkatika, na hakuna aliyesogeza mkono.

"Sasa," alinong'ona Ashkar.

Wakasukuma kwa pamoja, na mtumbwi ukaelea.